Nasaha kwa Wenye Maradhi ya Jezi

Tangu safu hii itangaze kwamba itapokea dukuduku za wasomaji wanaokusanya jezi zilizovaliwa uwanjani katika michuano ya Kombe la Dunia, barua zimemiminika maridhawa, baadhi zikiwa na machozi, baadhi zikiwa na matusi, na moja ikiwa na soksi ambayo mwenyewe anaombwa kwa taadhima aje kuichukua kabla ya Ijumaa. Nimezisoma zote kwa saburi, maana maradhi haya, ingawa hayamlazi mtu kitandani, aghalabu humhamisha kutoka katika chumba chenye kitanda.

*Mshauri mpendwa, dalali mmoja ameniletea jezi ya buluu ya Argentina, namba 10, naye anaapa kwa uhai wa mama yake kuwa ndiyo aliyoivaa Maradona siku ya bao la mkono. Anataka mbuzi wawili. Nimpe? – Mwenye Mbuzi, Mombasa.*

Ndugu Mwenye Mbuzi, wafunge mbuzi wako zizini, kisha uketi usome. Jezi uitajayo ina nasaba inayojulikana, na nasaba hiyo haipiti Mombasa. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca jijini Mexico, Argentina ilikutana na Uingereza katika robo fainali, na kiungo wa Uingereza aitwaye Steve Hodge, ambaye ndiye aliyeupaisha mpira nyuma kumwelekea mlinda mlango wake Peter Shilton, hata mkono wa Maradona ukaufikia kabla ya ngumi ya Shilton, alikutana na Maradona njiani baada ya mchezo, wakabadilishana jezi. Na mimi sijapata kusikia mtu mwingine aliyelipwa vizuri hivyo kwa pasi mbaya. Hodge aliiweka, akaiazimisha kwa muda wa miaka ipatayo ishirini kwa makumbusho ya taifa ya soka ya nchini mwake, na mwezi Mei 2022 ikauzwa katika mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Wala usidhani kwamba hata hiyo iliuzwa bila ya mashaka. Jamaa za marehemu Maradona walisimama wakadai kuwa ile ni jezi ya kipindi cha kwanza, ilhali mabao yote mawili, la mkono na lile la kuwapita Waingereza mmoja baada ya mwingine, yalipatikana katika kipindi cha pili. Wenye mnada wakajibu kwa kulinganisha jezi na picha za mchezo, nembo kwa nembo, mstari kwa mstari, namba kwa namba. Katika jambo hili bahati ilikuwa upande wao, kwa sababu jezi zile hazikuandaliwa kwa makini: kocha Carlos Bilardo alikuwa ameona kuwa jezi za buluu walizokuja nazo zilikuwa nzito mno kwa joto la Mexico, wasaidizi wake wakazunguka madukani mle mjini hata wakapata nyepesi, nembo zikashonwa kwa haraka, na mgongoni zikabandikwa kwa pasi namba za rangi ya fedha zilizokusudiwa kwa mchezo wa mpira wa Kimarekani. Mkono ulioharakishwa hauweki nembo mahali pale pale mara mbili, na kosa la mshonaji likawa ithibati ya mnunuzi.

Wanavyuoni wa hadithi hawamwulizi mtu amesikia nini tu, bali amesikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mlolongo umfikie mwenye kauli. Jezi nayo yataka isnadi ya namna hiyo: Maradona kwa Hodge, Hodge kwa makumbusho, makumbusho kwa mnada. Dalali kwa mama yake si isnadi, hata kama mama ni mcha Mungu. Ikiwa waitaka jezi hiyo kwa kwendea sokoni tu, mpe kuku mmoja, naye awe yule asiyetaga.

*Mshauri, mume wangu amenunua jezi ya beki mmoja aliyecheza Kombe la Dunia la Italia, 1990. Haifuliwi. Ameitundika kwa msumari juu ya kitanda chetu ikiwa na tope, jasho na mambo mengine nisiyoyajua. Mama mkwe ameniambia niiloweke usiku kucha katika sabuni ya unga. – Bibi Pua, Tanga.*

Bibi, pole. Katika shauri hili mumeo ana haki moja na makosa manne, nami nitaanza na haki yake ili asiseme kuwa nimependelea. Doa la majani begani, uzi uliochomoka ubavuni, chozi la tope chini ya namba, hivyo ndivyo vitu ambavyo mtaalamu huviweka kando ya picha ya siku ile ili aseme kwa yakini kuwa jezi hii ndiyo, wala si dada yake iliyobaki sandukuni. Sabuni ikipita, mashahidi wote wamekufa, na kilichobaki ni nguo safi ya mwanamume usiyemjua. Kwa hiyo ndoo iepushwe.

Ama makosa yake, la kwanza ni msumari, ambao utashika kutu, na kutu ikiingia katika nguo haitoki. La pili ni kutundika kwenyewe, kwa sababu kitambaa kilichofumwa huvutwa na uzito wake hata mabega yakapoteza umbo. La tatu ni mwanga wa dirisha, unaokula rangi polepole, siku baada ya siku, bila ya kupiga kelele. La nne ni hewa ya Tanga, yenye chumvi na unyevu, inayoleta ukungu, wala asikimbilie mfuko wa plastiki, kwa kuwa mfuko huo huufungia unyevu ndani pamoja na jezi. Makumbusho hulaza nguo za aina hii katika sanduku, juu ya karatasi isiyo na asidi au shuka ya pamba iliyofuliwa vizuri, mahali pakavu, pa giza na pasipo joto. Fauka ya hayo, mkumbushe kuwa jasho lile analolienzi hudhoofisha nyuzi kadiri linavyokaa, na kwamba wakusanyaji wenyewe wamehitilafiana katika jambo hilo, baadhi wakilipeleka suala lao kwa mtaalamu wa kuhifadhi nguo.

Hukumu yangu ni hii: jezi isifuliwe, na jezi ihame. Chumba cha mume na mke hakimhitaji beki wa akiba. Ama mama mkwe, mtajie bei iliyolipwa na mwanawe, polepole, akiwa ameketi; baada ya hapo hataitaja tena sabuni, na yamkini atalala mlangoni kuilinda.

*Mshauri, nimenunua jezi ya Chui wa Zaire ya mwaka 1974, yenye jina la MWEPU mgongoni. Marafiki wanasema nimepigwa. – Mtoto wa Kamalondo, Lubumbashi.*

Ndugu yangu, marafiki hao uwaheshimu. Kombe la Dunia ambalo wachezaji walianza kuvaa majina yao migongoni ni lile la Marekani, mwaka 1994. Jezi yako, kwa hiyo, imewahi kwa miaka ishirini.

Lakini nakuomba usiitupe hamu yako pamoja na jezi. Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara kucheza fainali hizo. Ilifungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia na 3 na Brazil, isipate bao hata moja. Na Mwepu Ilunga, mchezaji wa Mazembe ya hapo hapo mjini kwenu, aliyetoka mbio ukutani akaupiga mpira wa adhabu uliokuwa haki ya Wabrazili, alichekwa na ulimwengu kwa miaka mingi kana kwamba hakuijua sheria, ilhali mwenyewe alieleza baadaye kuwa aliijua barabara. Jezi yake ya kweli ya siku ile, yenye kichwa cha chui kifuani, mimi ningeiweka mbele ya jezi za mabingwa wengi, na ikiwa iko, ni heri itafutwe kwa wazee wa mji wako kuliko kwa wachuuzi.

*Mshauri, kaka yangu amerudi Ulaya na jezi yenye mistari ya kijani na nyeupe, anasema ilivaliwa na Ufaransa. Tumecheka mpaka tukalia. Ufaransa huvaa buluu! – Wacheshi Watatu, Bujumbura.*

Vijana, futeni machozi, kwa maana huenda mtalia tena kwa sababu nyingine. Tarehe 10 Juni 1978, mjini Mar del Plata nchini Argentina, Ufaransa na Hungaria, ambazo zote mbili zilikwisha kutolewa mashindanoni, zilifika uwanjani kila moja ikiwa na jezi nyeupe. Mchezo ukacheleweshwa, mtu akatumwa, na Wafaransa wakaazimwa jezi za Kimberley, klabu ya mji huo, zenye mistari ya kijani na nyeupe, wakaingia nazo, wakashinda mabao 3 kwa 1. Basi kaka yenu hakusema muhali. Asiuze nyumba, hata hivyo, kwa kuwa Kimberley ilivaa mistari hiyo kabla ya siku ile na baada yake, na mwigaji wa leo anaijua hadithi hii kama niijuavyo mimi. Akitazame kitambaa, alitazame jina la kiwanda ukosini, kisha aulize swali lile lile nililomwambia mtu wa Mombasa.

*Mheshimiwa, kijana anamposa binti yangu na badala ya fedha analeta jezi ya Pelé ya fainali ya 1970. Mimi nimekwisha tayarisha kabati la kioo. – Baba Mwenye Kabati, Unguja.*

Sheikh wangu, mahari ni haki ya binti, si ya baba, wala si ya kabati la baba. Kwa hiyo aulizwe yeye kwanza kama anataka kuolewa kwa fulana. Akikubali, na mabinti wa zama hizi wana mambo yao, ndipo tuingie katika mali yenyewe. Katika fainali ile ya tarehe 21 Juni 1970, Brazil ilipoishinda Italia 4 kwa 1, jezi ya Pelé ilichukuliwa na beki wa Italia, Roberto Rosato, na mwaka 2002 iliuzwa London na Christie's kwa pauni 157,750. Kijana na alete hati ya mnada. Akisema Pelé alikuwa na jezi nyingi, amesema kweli, kwa kuwa siku chache kabla yake, huko Guadalajara, alibadilishana na Bobby Moore wa Uingereza. Ila kila moja katika hizo ina mtu aliyeipokea, naye amtaje wa kwake. Akishindwa, msimfukuze. Mwambieni alete mahari ya kawaida, na jezi aje nayo kama hidaya.

*Mshauri, nilikuwa kazini Doha wakati wa Kombe la Dunia la 2022. Mchezaji alirusha jezi jukwaani, nikaidaka. Sina hati yoyote. Ina thamani? – Mlinzi, sasa niko Kisumu.*

Ndugu Mlinzi, jezi 6 alizovaa Messi katika vipindi vya kwanza vya mashindano hayo ziliuzwa kwa pamoja New York mwezi Desemba 2023 kwa dola milioni 7.8, na neno hilo, vipindi vya kwanza, ulisome mara mbili, kwa kuwa mchezaji wa siku hizi hubadili jezi wakati wa mapumziko, na mchezo mmoja ukazaa jezi mbili za mtu mmoja. Yako huenda isifike huko, lakini una jambo ambalo Mwenye Mbuzi hana: ulikuwepo. Itazame kifuani, kwani timu nyingi siku hizi huandika hapo majina ya timu mbili na tarehe. Tafuta picha na filamu za dakika ile, na ikiwezekana uonekane mwenyewe mikono juu. Kisha uandike usiku huu huu: uwanja gani, jukwaa gani, nani alirusha, nani alikuwa kushoto kwako, na huyo wa kushoto, kama bado mnazungumza, atie saini.

Na wasomaji wengine wote wenye jezi, za kudaka, za kurithi au za kupewa, nawaomba wafanye hivyo hivyo wangali wanakumbuka, na wazee waliowapa wangali hai wa kuulizwa.