Acha Kuweka kwa Saa 24

Mfyuuu! Mnisamehe, nimetanguliza msonyo kabla ya salamu, lakini tangu alasiri ulimi wangu umekataa kutulia.

Kisa ni kijana wa tailizi. Fundi wake kamwachia choo na jiko la nyumba moja hapo mtaa wa nyuma, kamwachia na gundi ile ya unga, ya kuchanganya na maji, mfuko mzima Kiingereza kitupu. Fundi mwenyewe kapata kazi nyingine Mbagala, alfajiri kashaondoka. Sasa kijana, tumpe haki yake, si mkurupukaji. Kakoroga gundi ndoo nzima, kabandika mistari miwili, halafu moyo ukamwambia hebu soma maelekezo kwanza. Kaupiga picha mfuko, kaiambia simu itafsiri. Simu ikajibu bila haya: "Acha kuweka kwa saa 24."

Basi akaacha kuweka.

Saa tatu asubuhi yuko hapa kijiweni, vidole vimeganda gundi, anaagiza kahawa na kashata. Saa tano yuko hapa. Kaenda kuswali adhuhuri, karudi, kakalia benchi lilelile, kacheza drafti michezo minne kafungwa yote. Sisi tukajua kazi imekwisha, kijana anapunga upepo. Saa tisa u nusu fundi akashuka kwenye bodaboda, akamwona.

"We, mbona umekaa?"

"Shikamoo fundi. Nimefuata maelekezo. Niache kuweka kwa saa ishirini na nne."

"Nani kakwambia?"

"Mfuko."

Hapo ndipo nilipotoa ule msonyo wa kwanza. Nilimsonya kijana, nikaisonya simu, na nikabakiza kidogo kwa ajili ya Kiingereza, ambacho kwa maoni yangu ndicho mtuhumiwa namba moja.

Mwalimu wetu mstaafu, ambaye miaka thelathini ya chaki imemwachia kikohozi na tabia ya kusahihisha mabango ya maduka, akaomba ile picha. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. "Hapa wameandika iachwe i-set," akasema. "Yaani ishike. Ikaze. Simu imekutana na set, ikaokota maana ya kwanza iliyoikuta njiani: kuweka."

Ungedhani maneno yameishia hapo. Kijiwe gani kinaishia hapo?

Fundi, hasira zote, akakataa. Yeye set anaijua, anaila kila siku. Kuseti ni kuseti nyumba: unapigilia mambo ardhini, unavuta kamba, unapima 3 upande huu, 4 upande ule, ukipata 5 ya mshazari basi kona yako imekaa sawa, chimba msingi. Wapi hapo pana kukauka? Dada wa saluni, aliyekuja kuchenji hela, akamcheka. Kuseti ni nywele! Unazungusha rola, unamwingiza mteja kwenye drya, anatoka amependeza. Kijana wa bodaboda akasema hao wote wamechelewa, siku hizi kinachosetiwa ni simu. Mama wa vyombo akainua sauti kutoka ng'ambo ya barabara, na sijui alitusikiaje, akasema seti ni sufuria tano zinazoingiana, na anayetaka aje na pesa taslimu. Mzee wa kona, mtu asiyesema ila kwa nadra, akashusha pumzi: "Seti ninayoijua mimi ni ya dhahabu. Mkufu, hereni, bangili na pete. Mwanangu alioa nayo, na deni lake bado nalilipa."

Tazama jambo hili. Watu watano, neno moja, na hakuna aliyedanganya. Tena hapo hatujamwita mtangazaji wa mpira wa wavu na seti zake tatu kwa moja, wala mwanafunzi wa hisabati anayechora viduara na kujaza namba ndani.

Ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili, ilitoka 1989 kwa juzuu 20. Humo ndani hapakuwa na neno lililokula nafasi kama set. Kitenzi peke yake kilipewa maana kama 430, na ukijumlisha misemo na viambatanisho vyake zinafika kama 580. Maelezo yake ni maneno kiasi cha 60,000. Hiyo ni riwaya nene, bwana! Ukiipanga vizuri unaweza kuweka ndani yake harusi mbili, talaka moja na kesi ya shamba. Wao wameijaza yote kwa neno la herufi tatu.

Na kamusi hiyo ilianzaje? Kwa kijiwe. Nasema kweli. Mhariri wake, James Murray, aliyeanza kazi 1879, alijenga kibanda cha mabati, kwanza karibu na London, kisha nyumbani kwake Oxford bustanini, akakaa humo na vikaratasi. Wasomaji wa pembe mbalimbali za dunia walikuwa wanamtumia kwa posta: nimelikuta neno hili kitabu fulani, limetumika hivi. Barua zilizidi hadi ikasimamishwa nguzo ya posta mbele ya nyumba yake. Murray alifariki 1915, kamusi haijakwisha, ikaja kumalizika 1928. Kibanda cha mabati na ubishi wa maneno mpaka mtu anaingia kaburini: tofauti yake na sisi ni kahawa tu, na kwamba wake waliandika.

Lakini set naye hakubaki na ufalme wake. Walipoanza kuipitia upya kamusi, make akampiku mwaka 2000, put akaja juu 2007, halafu 2011 run akawafunika wote kwa maana 645 za kitenzi tu. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na hilo run miezi 9. Miezi 9! Mke wa mtu anabeba mimba na kujifungua, yeye bado yuko na neno la kukimbia, na halijatoka mbio.

Nikamuuliza mwalimu swali lililonikaa kooni: hivi neno moja linawezaje kuwa na tumbo kubwa kiasi hicho? Akaagiza kikombe kingine kabla ya kujibu, kwa hesabu yangu.

Akasema wasomi wa lugha wanajua lilikotoka. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi settan, nacho kilizaliwa na kitenzi cha kukaa. Ni sawasawa na sisi tunavyotoa kalisha kwenye kaa, au ketisha kwenye keti. Set asili yake ni kufanya kitu kikae. Basi ukiishika hiyo, mengi yanafunguka. Gundi inakaa. Zege linakaa. Saa unaikalisha kwenye majira yake, mfupa uliovunjika unaukalisha mahali pake, na jioni Waingereza wanalikalisha hata jua. Nilipenda hapo, sifichi. Jua limechoka, linatafuta kigoda.

"Na sufuria za mama?" fundi akadakia. "Zile zimekalishwa na nani?"

Mwalimu akatabasamu kama mtu aliyeachiwa goli wazi. Hiyo ni set nyingine kabisa! Set ya kundi ilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, secta, kundi la watu wanaofuata njia moja, na ndugu yake wa tumbo moja ni neno la Kiingereza la madhehebu. Watu wawili wa koo mbili, wamekutana mjini, sura zimefanana, wakaanza kuitwa jina moja, na kadiri miaka ilivyokwenda wakachanganyika hadi hata wenyewe hawajui mpaka wa ukoo uko wapi. Kwa hiyo sufuria tano za mama, kwa nasaba, ni dhehebu. Alipopelekewa habari hiyo ng'ambo ya barabara alijibu kwamba dhehebu hilo haliuzwi kwa mkopo.

Na wala tusiwashangae sana. Sisi tuna kaa. Huyo huyo kaa wa kuketi, kuna kaa mwingine anatembea upande upande ufukweni, na kuna kaa la moto. Mgeni ukimwambia kaa alikaa juu ya kaa, utampoteza kabla hujamaliza.

Hapo akaingia msomi. Kila kijiwe kinaye. Wetu alikaa Ulaya miaka miwili, akarudi na koti na neno "actually". Akasema mnaona sasa, ndiyo maana Kiingereza lugha tajiri, neno moja maana mia nne. Nyie Kiswahili chenu kimejaa piga. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga kura, piga mswaki, piga mbizi, piga deki, piga chafya. Lugha imekosa vitenzi, imebaki kupiga watu.

Mfyuuu! Huu ulikuwa msonyo wa pili, na ulikuwa wa moyoni.

Ebu tuelewane. Piga akibeba kazi ishirini, ni umaskini. Set akibeba mia nne, ni utajiri. Mzani gani huo? Duka gani linapima hivyo likabaki na wateja? Na piga wetu bado yuko kazini, kila mwaka anaajiriwa upya: leo kuna kupiga dili, na wanaokula fedha za umma tumewaita wapigaji, na hakuna Mtanzania aliyehitaji kamusi kuelewa.

Halafu geuza kibao. Zichukue kazi za huyo set uzilete uswahilini, uone nani anavaa kitenzi kimoja kwa kila shughuli. Mtego tunatega. Mtihani tunatunga. Meza tunaandaa. Mfupa tunaunga, na mganga wa mifupa akikusikia unasema unauweka atakufukuza. Tanga tunatweka. Kito tunakipachika kwenye pete. Nyumba ikitiwa moto inatiwa, na mfungwa tunamwachia. Kuku juu ya mayai anaatamia, na sijaona kiumbe kingine kinachostahili kitenzi hicho isipokuwa baadhi ya viongozi juu ya viti vyao. Jua ndiyo kabisa, tumelitengea neno lake: linakuchwa. Hakuna kitu kingine duniani kinachokuchwa. Ndiko tulikopata machweo. Kwa Mwingereza, jua na jeli ya watoto vinashea kitenzi kimoja, kimoja kikizama baharini na kingine kikiganda kwenye friji.

Na kile kiboksi cha televisheni je? Kwa Kiingereza jina lake linasema tu mahali kinapokaa: boksi la juu ya seti. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa mwisho wa 2012, kila nyumba ikakihitaji, nasi tukakiita king'amuzi. Kitu kinachong'amua! Kinapokea mawimbi yasiyosomeka, kinayafumbua, kinakuletea taarifa ya habari. Leo seti zimekuwa bapa kama sinia, juu yake huwezi kukalisha hata kiberiti, kile kiboksi kimeshushwa mezani, na Kiingereza bado kinadai kiko juu. King'amuzi popote utakapokiweka kinang'amua. Kikilipiwa, lakini.

Msomi akanyamaza. Nikajua nimeshinda, nikanyoosha mkono kuchukua kashata ya ushindi.

"Usile bado," mwalimu akasema.

Akaichukua tena simu ya kijana. Akasoma polepole: acha, kuweka. Akaniuliza, hiyo "kuweka" ni kosa la set, sawa. Je, "acha"? Mfuko ulisema iachwe ishike, yaani iruhusiwe. Simu ikaandika acha. Kijana akasoma acha, akaelewa komesha. Acha pombe. Acha kelele. Acha kuweka. Lakini acha mtoto alale si kukomesha, ni kumruhusu. Acha mlango wazi si komesha mlango. Ameacha mke na watoto wawili, hapo tunauliza kwanza kama ni marehemu au mhuni. Neno moja, la kwetu, la mtaani, na linaweza kukuamuru kitu na kinyume chake kwa pumzi ileile. "Kijana hakupotezwa na Kiingereza peke yake," akasema. "Kiingereza kilimsukuma, Kiswahili kikamdaka, wakamlaza kwenye benchi kutwa nzima."

Kashata nikairudisha kwenye sahani. Msomi akaniangalia kwa jicho la pembeni, akasema "actually", akaishia hapo hapo. Sijawahi kulichukia neno kama jioni hii.

Fundi yeye nasaba za maneno hazikumlipa chochote. Alikwishamtuma kijana alete ndoo, naye ndiye huyo anarudi nayo, kaikumbatia kwa mikono miwili kama mgonjwa. Tukachungulia. Gundi ilikuwa imeset kwa maana zote za Oxford. Mwiko umesimama wima katikati, hautingishiki, ungeweza kutundika bendera. Ndoo, gundi na mwiko, vitatu vimekuwa kitu kimoja, na mama wa vyombo akapaza sauti kwamba hiyo sasa nayo ni seti.

Hakuna aliyecheka kwa sauti, kwa kumwogopa fundi.

Muuza kahawa akahesabu vikombe, kwa kijana peke yake vilikuwa kumi na moja. Fundi akaitazama ndoo. Akamtazama kijana. Akatutazama sisi, kana kwamba sisi ndio tulioandika mfuko.

Kijana akauliza kwa adabu zote, "Fundi, hii niiweke wapi?"

Fundi akajibu neno moja: "Acha."

Akapanda bodaboda, akaenda zake. Kijana bado amesimama hapo barabarani na ndoo yake kifuani, na sisi tumegawanyika. Nusu tunasema aiache hapo hapo, nusu wanasema aache kuuliza, na mwalimu ameagiza kikombe kingine.