Taa Zisizoonekana

Shemeji yangu ana ugonjwa wa kusaidia. Panya walipotafuna waya wa upau wa Wii, mashine yetu ya michezo, kile kijiti cheusi kinachokaa juu ya TV, hakungoja kuombwa. Alikata plagi, akamenya waya kwa meno, akauunga kwenye adapta ya king'amuzi kilichokufa zamani. Adapta yenyewe volti 12. "Umeme ni umeme, shem," akaniambia, na sidhani kama upau ule umewahi kushiba vile tangu utoke kiwandani.

Kufa kwake hatukukuona. Taa za infraredi ndivyo zilivyo: zikiwaka huoni kitu, zikiungua huoni kitu, kwa hiyo kila aliyemo sebuleni anakuwa mtaalamu. Wanangu walisema betri. Mke wangu alisema vumbi. Shemeji alisema TANESCO.

Wengi hudhani upau ule ndio unaomtazama mchezaji. Hautazami chochote. Ndani mna taa ndogo za LED, tano kila upande, basi. Jicho liko kwenye rimoti uliyoishika: nyuma ya kile kioo cheusi cha mbele kuna kamera inayotafuta nukta mbili za mwanga, na kwa jinsi zilivyokaa inajua umeielekeza wapi. Nintendo walianza kuiuza mashine hii mwaka 2006, lakini mweleze mtu jambo hili leo uone, anakutazama kama dalali anayemuuzia kiwanja katikati ya bahari.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba tenisi, mchezo tuliokuwa tukiucheza, yenyewe haihitaji upau. Ukirusha mkono, rimoti inahisi mrusho huo bila msaada wa taa yoyote. Ila ili ufike uwanjani lazima kwanza uuchague mchezo kwenye skrini, na hapo ndipo zinapotakiwa nukta. Tukawa na raketi, mpira na wachezaji wenye hasira, geti limefungwa.

Nikakumbuka mishumaa. Moto wa mshumaa nao unatoa infraredi, na miwili ikitenganishwa kwa shubiri moja hivi, rimoti inaridhika kabisa. Tukafunga mapazia, maana jua la dirishani nalo linaichanganya kamera, tukawasha mishumaa mbele ya TV. Watoto wakanyamaza, mikono imenyooshwa, kila mmoja na kijiti chake cheupe. Ndipo mama mkwe akapiga hodi na kuingia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliitazama mishumaa, akawatazama wajukuu, akashika kifua. "Nani ametutoka?"

"Hakuna, mama," akajibu shemeji. "Tunatafuta tenisi."

Mishumaa ikazimwa kwa amri, nikakaa chini na upau. Bisibisi ya kawaida haikuingia, kwa sababu skrubu zake zina kichwa cha mipasuo mitatu. Fundi simu wa jirani akaniazima ya kwake. Upande wa kushoto ulikuwa umenusurika, Mungu ndiye anayejua kwa nini. Wa kulia nikaupima kwa mita, taa moja moja, nikakuta nne ni nzima na moja ndiyo iliyoungua. Lakini zimefungwa kwa mfuatano, umeme unapita hii ndipo ufike ile, kwa hiyo moja ikikatika zote zinalala.

Taa ya kubadilisha haikuwa mbali. Kila rimoti ya TV ina moja puani, na kwenye droo yetu kulikuwa na rimoti ambayo shemeji aliapa kwa sauti kubwa kuwa ni mbovu. Nikaing'oa. LED mpya unaitambua kwa miguu, mrefu ndio chanya. Hii miguu ilishakatwa kiwandani, ikabidi nitafute ukingo uliobapa, ambao ndio upande wa hasi. Nikachoma solda, nikarudisha plagi mahali pake, adapta nikaifungia kabatini na ufunguo nikauweka mfukoni.

Shemeji nilimpa kazi moja tu: kuutazama upau kupitia simu, maana kamera nyingi za simu zinauona mwanga huu tusiouona sisi. Akatazama. "Umekufa kabisa, shem. Ile adapta iko wapi?"

"Geuza kamera. Tumia ile ya selfi."

Kamera ya nyuma ya simu yake ina kichujio kinachozuia infraredi. Alipogeuza, zikatokea nukta za zambarau, tano huku na tano kule, akapiga ukelele hadi majirani wakauliza nani kafunga goli.

Jioni ile mama mkwe alitaka tamthilia yake. Rimoti ya king'amuzi cha sasa ikatafutwa chini ya makochi, jikoni, hadi kwenye friji, kisha nikaikumbuka droo. Haikuwa mbovu hata kidogo. Haikuwa na betri tu, na betri zake zilikuwa ndani ya rimoti ya Wii.

King'amuzi kina vitufe kwa mbele, vidogo, vinataka mtu aliyekaa karibu. Mama mkwe ameshamteua. Akitaka kubadilisha chaneli anaita tu, "We rimoti!" na shemeji anainuka.