Kwa Heshima ya Kisanduku cha Msaada

Eldoret si mji mchoyo wa sifa. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 na ushei kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, umati ulijaa barabarani mbele ya skrini ukimshangilia. Tulipopata hati ya jiji, tarehe 15 Agosti 2024, tukashangilia tena. Tunasifu miguu, mahindi na mursik. Ila yupo mtumishi mmoja ambaye hajawahi kupigiwa makofi: kile kisanduku cheupe cha kutafutia msaada ndani ya programu, kinachojitokeza ukibonyeza F1, kwa kawaida kwa bahati mbaya, ulipokuwa ukiwania Esc.

Sifa yake kuu ni ukweli. Simama Uganda Road uulize njia ya kwenda Kapsoya. Watu watatu watakuonyesha pande tatu, na hakuna atakayekiri kwamba yeye pia ni mgeni. Hata hawa wasaidizi wapya wa akili unde wana damu hiyo hiyo. Wakikosa jibu wanaweza kukupeleka kwa upole kwenye menyu ambayo haikuwahi kuwepo. Kisanduku chetu kisipojua husema hakuna matokeo, kikanyamaza. Nawajua waheshimiwa ambao wangepona kwa dozi ndogo tu ya tabia hiyo.

Pili, hakina upendeleo. Mwanafunzi wa chuo kikuu, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu, anataka kurasa za mwanzo ziwe na namba za Kirumi na sura ya kwanza ianze na 1. Anakiandikia maombi marefu yenye machozi. Msimamizi wake, profesa mzima, angeandika hayo hayo kwa Kiingereza kizito zaidi, na wote wawili wangeambulia patupu. Word haijui sura wala huzuni. Inajua "section break". Andika maneno hayo mawili na jibu linakuja kabla chai haijapoa.

Tena ni mwajiri. Njoo saiba yoyote mjini tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. Mteja amepakua fomu ya Excel kutoka iTax, akaifungua, na utepe mwekundu unamwambia kuwa makro zimezuiwa, kwa sababu tangu 2022 Microsoft huzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Mteja anatafuta "KRA imekataa fomu yangu" na hapati kitu. Kijana wa saiba hasumbuki. Ananakili maneno ya ule utepe kama yalivyo, bila kuongeza jina la faili wala malalamiko, anayachapa kwenye kisanduku, anasoma. Kisha anafunga faili, anabofya kitufe cha kulia cha mausi, anaingia Properties, anatia alama kwenye Unblock. Malipo yake anayapata, na mteja anaondoka akiamini ameona uganga. Kisanduku kingekuwa kinamwelewa kila mtu, kijana huyo angekula wapi?

Lakini utukufu wake wote utauona kwenye programu iliyokulia hapa hapa kwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya mji, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walifika Eldoret kwa kazi ya mpango wa afya wa AMPATH, na mawazo yao yakazaa OpenMRS, ambayo ilianza kutumika hapa Februari 2006 na leo inahudumia wagonjwa katika nchi nyingi. Sasa mchukue karani aliyegundua kwamba mama mmoja ameandikishwa mara mbili. Anauliza kisanduku cha mwongozo namna ya kufuta. Mwongozo unajikunyata, kwani katika ulimwengu wa OpenMRS kufuta kabisa ni jambo la mwisho. Rekodi yenye kosa hufanyiwa "void": inafichwa, na mfumo unatunza jina la aliyeificha, tarehe na sababu. Fomu iliyopitwa na wakati hufanyiwa "retire". Na yule mama wa rekodi mbili hahitaji lolote kati ya hayo. Anahitaji "merge", ili mahudhurio ya rekodi moja yaungane na ya nyingine. Karani angesikilizwa mara ya kwanza, nusu ya historia ya dawa za mama ingetoweka machoni pa daktari. Ukaidi wa kisanduku, tuuite sasa kwa jina lake halisi, ni uuguzi.

Wapinzani wana hoja moja nzito, nami siikwepi: kikishapata jibu hukutupa kwenye kilele cha ukurasa mrefu, na mstari unaoutaka uko mbali chini. Inabidi ubonyeze Ctrl na F utafute upya. Ni kweli, kina uvivu. Lakini ni mtumishi gani wa umma, hata mwenye bidii, aliyewahi kukufikisha kupita mlango wa ofisi? Huko ndani mtajuana wenyewe na mafaili.