Heko kwa Uziwi wa Kujinunulia

Maradhi mengine hayana adabu. Malaria hutetemesha kitanda, jino huamsha nyumba nzima, funza hukukunisha mbele ya wakwe. Uziwi wa visikilizio vya masikioni ndio ulioelimika: huingia bila kubisha, bila maumivu, na kwa bei ya sahani ya githeri. Pale stendi ya Makutano, Meru, mchuuzi hukupenyezea waya wake dirishani gari likiwa limeshaanza kusogea.

Tena uziwi huu unaheshimu sheria. Tangu 2009 Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele, na mwenye baa mjini Embu anayepiga mugithi hadi alfajiri anajua NEMA, mamlaka ya mazingira, inaweza kumfikia. Nani atakushtaki kwa kelele uliyoifungia ndani ya fuvu lako?

Matatu nayo ina spika zake, kwa hiyo abiria huongeza sauti ili azishinde. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu, kwa wiki nzima. Aliyepandia Embu akielekea Meru humaliza mgawo wake kabla hajaiona Runyenjes, na Chuka bado, Nkubu bado. Kinachozidi anakopeshwa, bila dhamana wala mdhamini.

Deni hulipwa taratibu. Ndani ya kila sikio kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ndizo zinazopeleka habari za sauti kwenye ubongo. Mmiraa wa Igembe ukichumwa huchipuka tena. Hizi zikifa zimekufa. Kazi safi, hairudiwi! Na uziwi huu huanza na sauti nyembamba: nyenje, ndege, kisha herufi kama s na f. Faida zake ni nyingi. Mama watoto akitaja karo kwa sauti ya chini, baba husikia mvumo mtamu tu. Katika soko la Gakoromone, "sitini" na "tisini" huwa bei moja, na sijamwona muuzaji aliyelalamika.

Usichanganywe na uziwi mwingine, lakini. Watoto wa shule ya viziwi ya Kaaga, Meru, na wenzao wa St Luke's, Embu, wana Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Wanataniana na kusengenyana kwa kasi tusiyoiweza. Huu wetu wa kununua haukupi lugha yoyote. Hukuacha mezani ukicheka baada ya wenzako kumaliza kucheka, na kujibu "ndiyo" ulipoulizwa unatoka wapi.

Hata hivyo hauondoki bila kukuachia zawadi. Usiku wa manane Maua, waliokuwa wakichana miraa wamelala, stima imepotea, bando limekwisha, simu imezima, na muziki wako bado unaendelea: mlio mmoja, mwembamba, hautaki betri wala hauna mwisho. Asubuhi utavipeleka visikilizio kwa fundi. Atavijaribu upande wa kushoto, atavijaribu upande wa kulia, kisha atakurudishia akisema ni vizima kabisa.