Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Matuta

Mheshimiwa Mkuu wa Matuta,

YAH: GHARAMA ZA KUNYOOSHA HAUZINGI YA DIFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza nakupongeza kwa tuta jipya la mtaani kwetu. Limeinuka vizuri, lina mgongo mkali, halina rangi, na limewekwa pale hasa ambapo taa ya barabarani haiwaki. Kibao cha tahadhari kipo, nisiwe mwongo. Kimesimikwa hatua chache baada ya tuta, ili dereva ajulishwe kilichompata.

Mimi nasambaza mikate kwa Hiace, tena alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa. Tangu nilivae tuta lako, gari linatembea upande kama kaa, tairi za nyuma zinalika upande wa ndani tu, na sili ya kushoto inavujisha oili mpaka kwenye breki. Kijana wa alaimenti alitazama mashine yake akatikisa kichwa. Ekseli ya nyuma ya gari hili haina pa kurekebishia. Ni bomba la chuma, ndiyo hiyo hauzingi, likipinda limepinda.

Huko kwenye gereji za Gerezani fundi alishusha kila kitu, akavuta uzi kutoka ncha moja ya hauzingi hadi nyingine. Katikati pakabaki mwanya wa kupitisha ukucha wa kidole gumba. Ukucha, Mheshimiwa! Akawasha gesi, akachoma upande wa chini hadi chuma kikaiva, akakiacha kipoe kijivute chenyewe, akapima tena, akachoma tena. Kushusha na kupandisha difu, 80,000. Kunyoosha, 150,000. Sili mbili 30,000, beringi mbili 120,000, oili 36,000, na tairi mbili zilizokwisha kulika, 400,000. Jumla shilingi 816,000. Nilipomuuliza kama haitapinda tena, alijifuta mikono akasema, “Bosi, mimi nanyoosha hauzingi tu.”

Bili niliileta ofisini kwako. Nilipokewa kwa heshima kubwa, nikaulizwa kama ninayo picha ya tuta likiwa linapinda gari.

Sipingi matuta. Watoto wanavuka pale kwenda shule, na bodaboda zetu mnazijua. Naomba tu lionekane. Na kulipa tunalipa. Mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa na ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita, nilishangilia kama wenzangu. Leo kila nikijaza tenki nalipia barabara, kisha nashika njia ya Gerezani kulipia nilichofanyiwa na barabara.

Kwa kuwa rangi ni ghali, naleta pendekezo lisilohitaji hata kopo moja. Ofisi yako iviandikie viwanda vya Japani, vianze kututengenezea magari yenye hauzingi iliyopindwa kabisa, ncha zikiwa zimeshushwa chini. Tuta huzisukuma ncha juu, kwa hiyo gari likivaa tuta lako la kwanza litanyooka lenyewe, bure, bila gesi wala fundi. Najua utaniuliza habari ya tuta la pili. Nimelifikiria. Kila mtaa utapewa daraja lake la mpindo. Mwenye tuta moja ataagiza gari lililopinda ukucha mmoja, na sisi wa huku ndani tutaagiza la kucha sita. Gari litakalofika bandarini likiwa limenyooka litozwe faini kwa kutokidhi viwango. Trafiki wagawiwe nyuzi za kupimia. Anayehama mtaa aombe kibali cha kubadilisha mpindo, kwa barua ya mtendaji na picha mbili za pasipoti, zake na za hauzingi. Na siku ya uzinduzi, wewe mwenyewe uketi siti ya nyuma ya Hiace ya kwanza, juu ya ekseli, tukupitishe taratibu. Au tusikupitishe taratibu, ili uone mtambo unavyofanya kazi.

Mengine ni madogo. Kibao kihamishiwe kabla ya tuta, mfuniko wa mtaro urudi, na kile kifusi kilichomwagwa kandokando tangu masika kisambazwe au kipewe namba ya nyumba.

Wiki ile mgeni rasmi alipokuja kuzindua kisima, tuta lilipakwa chokaa usiku, likang'aa hadi mtaa wa pili. Mvua ya kwanza ikaiosha, na hakuna aliyerudi. Kumbe brashi mnazo. Kumbe mnajua fika kwamba tuta lisiloonekana linaumiza, na mnajua nani asiumizwe. Mama mjamzito aliyerushwa kwenye bajaji pale pale hakuwa mgeni rasmi, basi hakustahili hata debe la chokaa. Aibu iwe yenu!

Samahani, Mheshimiwa, kalamu imeteleza. Nilikuwa nasema kwamba ushirikiano wako ni muhimu kwetu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msambaza Mikate

Nakala: Madereva wenzangu. Ukishapita kisima, zima redio, shuka hadi gia ya kwanza, na uliingie tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, usilikate upande. Upande wa kushoto ndio umeinuka zaidi.