Kwa Fundi Baiskeli, Mikumi

Mgeni anayeizuru Tanzania kwa baiskeli hufundishwa kwanza na barabara, kisha na saa, na mwisho na mwiba. Utaratibu huo ulichambuliwa kijiweni kwa fundi, Mikumi mjini, na baiskeli mbili zilizokuwa zikisubiri zamu: ya kitalii kutoka Uholanzi, yenye mabegi manne na sola mgongoni, na Phoenix ya mkaa, mzaliwa wa Shanghai, kerieri imezungushiwa vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia magunia.

MGENI: Shikamoo, mzee.

PHOENIX: Marahaba, mwanangu. Pole na safari.

MGENI: Asante. Kumbe huku ni kushoto! Siku ya kwanza bosi wangu alishika kulia, tukakutana uso kwa uso na bodaboda. Dereva wala hakushtuka.

PHOENIX: Ashtuke nini? Ndivyo wanavyopita wao.

MGENI: Na njia ya baiskeli iko wapi?

PHOENIX: Nje ya mstari mweupe, penye mchanga. Hii ni TANZAM, Dar es Salaam hadi Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo yana haraka. Honi moja ni salamu. Honi mfululizo, shuka.

MGENI: Kwetu baiskeli ni nyingi kuliko watu.

PHOENIX: Zinabeba nini?

MGENI: Watu.

PHOENIX: Watu tu?

Barabara hiyo hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na hapo ndipo shajara za wageni zinaponenepa.

MGENI: Tembo walivuka mbele yetu. Bosi akatokwa na machozi.

PHOENIX: Wangu pia. Walikuwa wanatoka shambani kwake.

Somo la saa ni fupi: huku saa za mchana huhesabiwa tangu jua kuchomoza, kwa hiyo saa moja ni asubuhi.

MGENI: Aliambiwa chapati ziko tayari saa moja, akatokea mchana.

PHOENIX: Akakuta nini?

MGENI: Wali maharage.

PHOENIX: Basi hakupungukiwa.

Uliobaki ni mwiba wa mgunga, ambao haujasoma matangazo ya matairi. Baiskeli nyingi za kitalii hutumia vali nyembamba. Tyubu za madukani huku zina vali nene, isiyopenya tundu la rimu iliyochongwa kwa ajili ya ile nyembamba. Fundi alijaribu, akaguna, akachukua tupa ya duara, akalipanua tundu taratibu huku mwenye mali amefumba macho.

MGENI: Cha ajabu, baiskeli za kina bibi kule kwetu zina vali hii hii.

PHOENIX: Si wangekuja wao!

MGENI: Mbele kuna nini?

PHOENIX: Kitonga. Mlima, kona, na malori yanayopanda kwa mwendo wa kobe. Gia zako zitapata kazi.

MGENI: Wewe unazo ngapi?

PHOENIX: Moja.

MGENI: Sasa mlima unaupandaje?

PHOENIX: Nasukumwa.