Barabara Haina Mtu

Wapenda baiskeli wa Ufaransa wakitaka kukusifia mkoa wa Gers hukwambia neno moja tu: kule hakuna magari. Na ni kweli. Mkoa wenyewe uko kusini-magharibi, una zaidi ya kilomita za mraba 6,200, na wakazi wake wote hawafiki laki mbili. Unapakia baiskeli kwenye treni Toulouse, unashuka Auch, makao makuu ya mkoa, unakata kona mbili tatu, mji umekwisha. Kinachobaki ni lami nyembamba, mashamba ya alizeti na kitunguu saumu, kanisa juu ya kilima, na bata. Bata wengi ajabu, ambao maini yao ndiyo yanayosomesha watoto wa pale.

Wasichokwambia ni kwamba barabara ikikosa magari hukosa na vyote vinavyoandamana na magari: fundi pancha, muuza maji, kijana wa bodaboda wa kumuuliza njia, mama wa mihogo ya kukaanga. Mie mtoto wa Tanga. Baiskeli nimejifunzia Phoenix ya mjomba, mguu nimeupitisha katikati ya fremu kwa kuwa kiti sikukifikia, huku nusu ya mtaa inanikimbiza nyuma ikinipa maelekezo yasiyolingana. Kwangu mie kuendesha baiskeli ni shughuli ya watu wengi.

Jumamosi moja ya Oktoba nikampigia mjomba simu ya video nikiwa njia panda huko Gers.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu geuza simu nione huko." Nikageuza. "Geuza na upande wa pili." Nikageuza. Akanyamaza kidogo. "Mbona hakuna mtu? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mjomba. Ndivyo palivyo."

"Sasa hiyo lami wamemwekea nani?"

Nimelifikiria sana swali hilo, na jibu langu ni kwamba wamemwekea mtu wa posta. Gari lake la njano ndilo pekee lililonijia asubuhi ile, tena lilikuja kwa nyuma. Nilikuwa napanda polepole, natoa miguno ambayo mtu huitoa akiwa na hakika yuko peke yake, na katikati ya miguno nachomeka kipande cha taarabu. Nikageuka kutema mate, nikamwona dereva huyo hapo, ametulia nyuma ya tairi langu, na kwa uso wake alikuwa ameshasikia beti zote. Sheria ya huko inamtaka dereva akikupita nje ya mji akuachie nafasi ya mita moja na nusu. Mbele kulikuwa na kona, nafasi hakuiona, basi akasubiri. Hakupiga honi. Dar dereva akikaa nyuma yako dakika nzima bila kupiga honi, ujue kazirai.

Ama vilima, hivyo vina kisa chake. Chini ya milima ya Pyrenees kuna uwanda wa juu wa Lannemezan, na kutoka hapo mito inashuka kuelekea kaskazini imetawanyika kama vidole: Baïse, Gers wenyewe, Arrats, Gimone, Save. Kati ya mto na mto pana mgongo wa ardhi. Mwenye akili hufuata bonde, akateleza zake kaskazini au kusini. Mie kwangu ni Toulouse, na Toulouse iko mashariki, kwa hiyo ilikuwa sharti niivuke yote iliyobaki, mmoja mmoja. Unashuka kwa raha, unavuka kidaraja, unapanda. Ukifika juu unavuta pumzi, unatazama mbele, kilima kingine hicho kinakungoja. Wala si milima ya kujisifia. Ukipanda Tourmalet, ambao Tour de France iliukwea mara ya kwanza mwaka 1910, juu unapigia picha kibao cha mita 2,115, na picha hiyo utawachosha nayo watu maisha yako yote. Gers unapanda kilima kisicho na jina, unashuka, unapanda mdogo wake.

Karibu na Mauvezin walinipita wazee wa klabu, wote jezi moja, aliye mdogo kati yao nadhani ana miaka 70. Wakanitakia siku njema mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa anahema. Mbele zaidi nikakuta kibao kimeandikwa Cologne. Ni kijiji cha hapohapo Gers, kipo tangu karne ya 13, lakini kwa hali ya mapaja yangu mtu angeniambia nimeshaingia Ujerumani ningemwamini.

Maji yakaniishia. Kijiji kilichofuata kilikuwa na duka moja, na kengele ya kanisa ikagonga saa sita mchana nami bado niko chini ya kilima. Vijiji vingi vya huko kengele hurudia kugonga baada ya dakika moja mbili, kwa faida ya aliyepoteza hesabu. Ilipogonga mara ya pili nilikuwa mlangoni, na mwenye duka alikuwa anazungusha ufunguo, yeye akiwa upande wa ndani. Chakula cha mchana Ufaransa hakina mzaha. Duka la kijijini likishafungwa saa sita, rudi saa tisa. Nikabaki na mashine ya mikate iliyopachikwa ukutani. Ikameza sarafu yangu, ikanguruma, ikatulia. Nikaipiga kofi. Nikatia sarafu ya pili, ikatoa mikate miwili mirefu, kuonyesha kwamba haikuwa na nia mbaya. Nikaichomeka mgongoni mwa jezi, ncha zikachungulia juu ya mabega, nikashika njia sina tone la maji, ila mkate ninao wa kulisha ukoo.

Dawa ya kiu waendesha baiskeli wa Ufaransa wanaijua: tafuta makaburi. Karibu kila makaburi yana bomba, la watu kumwagilia maua. Nikayakuta nje kidogo ya kijiji, yamezungushiwa ukuta, geti la chuma linalia. Sasa mtoto wa Tanga haingii makaburini kimyakimya. Nikavua helmeti, nikawatolea salamu waliolala, kwa sauti, vile nilivyofundishwa.

"Bonjour!" wakaitikia.

Chupa ilinitoka mkononi. Mkate mmoja nao ulitoka, sijui kwa njia gani. Nyuma ya msalaba wa jiwe akainuka bibi mmoja na brashi mkononi. Alikuwa anasugua kaburi la mumewe tayari kwa tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, na pembeni ameshapanga vyungu vya krisanthemumi. Akanitazama: mtu mweusi, nguo za njano za kung'aa, mkate umesimama begani. Nadhani kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kukimbia. Lakini alicheka mpaka akalishika kaburi, kisha akaniokotea mkate, akaupuliza vumbi, akanionyesha bomba.

Na pancha? Hiyo haikosi. Oktoba matrekta hupita yakifyeka nyua za mashambani, na vijiti vya miba vinabaki vimelala juu ya lami vikisubiri wajinga. Nikasikia tairi la nyuma linatoa pumzi. Nikaipindua baiskeli kando ya seng'enge, nikachomoa tyubu, nikaitegea sikio nisikie inapovuja. Nilipoinua kichwa nilikuwa na watazamaji: ng'ombe aina ya Blonde d'Aquitaine, rangi ya ngano, wakubwa wa kutisha, wamejipanga kwenye seng'enge wanatafuna na kunitazama mikono. Wapi tundu, hawasemi. Mmoja akapumua ndani ya kiboksi changu cha viraka.

Mwenye ng'ombe akaja na gari lake jeupe, si kwa ajili yangu bali kujua kimewakusanya nini. Alipoona pancha akatoa ndoo ya maji, tukazamisha tyubu, mapovu yakatokea. Nikaanza kujisikia nyumbani. Jirani yake akazima trekta, akashuka, akakitazama kiraka changu, akatikisa kichwa: kidogo mno. Mwindaji na mbwa wake wakatokea vichakani, maana ndio msimu, naye akasema kiraka ni kikubwa mno. Wakaanza kubishana. Mke wa mwenye ng'ombe akafika na swali ambalo hakuna aliyelijibu: je, pampu ninayo? Mbwa alikuwa ameshamaliza mkate wa kwanza. Gari jeupe limeziba upande huu, trekta upande ule, mie na baiskeli miguu juu katikati. Ndipo likatokea gari la njano la posta. Likasimama. Likasubiri. Likasubiri tena, halafu likapiga honi.

Mwenye ng'ombe hata hakugeuka. Alimpungia mkono tu, atulie kwanza, solusheni haijakauka.